Mfarishi wa leso umefinyana

SWALI: Nimeunga mfarishi kwa viraka vya leso kuukuu na mpya. Kufua mara moja tu, wekundu umeingia kwenye weupe na viraka vimefinyana. Nimekosea wapi? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ni zile leso mpya. Zina wanga na hazijaruka, yaani hazijapungua kwa kufuliwa, ilhali kuukuu zimekwisha kuruka zamani. Zikifuliwa pamoja, mpya huvuta mishono. Usiupige pasi wala kuuanika bado: urowekeni tena kwa sabuni na maji mengi, mkibadilisha hadi yatoke meupe. Mfinyano hautoki.

Safari ijayo, fua kila leso peke yake kabla ya kukata, kisha ibane ikiwa mbichi kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha doa, fua tena. Chumvi ya kuzuia rangi isitoke wengi huisifu, sisi hatuitegemei.

Kata miraba ya sentimita 12 kufuata uzi, si mshazari, ukiacha milimita 6 za mshono kila upande. Viraka 140, yaani 10 kwa 14, hutoa kama sentimita 108 kwa 151. Pindo liwekeni ukingoni.

Mkisafiri na watoto kwenda Pate, chukua viraka vya kupiga bandi kwa mkono. Mkasi ufunge: boti huruka.