Kwa mnaoanza kazi ya maziko salama wakati wa Ebola

Mkifika msibani, msishuke garini mkiwa mmeshavaa zile ovaroli nyeupe. Shukeni na nguo zenu za kawaida, toeni pole, kaeni mtakapoonyeshwa, muulize msemaji wa familia ni nani. Vaeni baadaye, mbele ya watu, kimoja baada ya kingine: buti, ovaroli, glavu mbili mbili, barakoa, miwani. Watoto watacheka. Waacheni, sura zenu wameshaziona. Na askari wenye bunduki wakitangulia, hesabuni kuwa mmeshakataliwa.

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), 2018 hadi 2020, iliua watu 2,287, ingawa chanjo ilianza kutolewa wiki moja tu baada ya mlipuko kutangazwa. Waliotukataa hawakuwa wajinga. Watu wa Beni, mji wa Kivu Kaskazini, walikuwa wakichinjwa tangu 2014, na misafara kama yetu hawakuiona. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na mji jirani wa Butembo hadi Machi, Ebola ikitajwa kuwa moja ya sababu, huku makanisa na masoko yakijaa kama kawaida. Machi ilipofika, rais alikuwa ameshaapishwa. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia "Ebola ipo", anasikia siasa.

Kwa hiyo hotuba ya virusi iwekeni kando. Ulizeni jeneza litatoka wapi, kaburi atachimba nani, nani wa ukoo atasimama karibu ashuhudie. Kuosha na kugusa maiti ni marufuku, hapo hakuna mjadala. Mengine mengi yanazungumzika. Kwa Waislamu, tayamamu (kutawadha kwa udongo badala ya maji) na sanda vina utaratibu wake, mshirikisheni shehe mapema. Mama mmoja Butembo alituambia, "Wanangu, mfuko sina neno nao. Ila hamumpeleki bila kitenge chake." Kitenge kikawekwa jenezani juu ya mfuko wa maiti, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaita vijana wachimbe.

Jambo ambalo timu nyingi hulidharau ni majibu. Sampuli huchukuliwa kinywani mwa marehemu, na mara nyingi hurudi hasi, yaani hakuwa na Ebola. Familia ilizika bila kumgusa mtu wao, halafu kimya! Rudini na jibu hilo hasa likiwa hasi. Waulizeni kama wanataka majirani walisikie. Wengi watakubali, maana tangu gari lenu lilipoonekana mlangoni pao, hakuna anayenunua mihogo yao.