Adventure ya maandishi: inapong'ara, inapokera, na yaliyonikuta nilipoandika ya kwangu kwa Kiswahili

Wakuu, mleta uzi ameuliza mambo mawili. Moja, kwa nini Adventure, ile gemu kongwe ya kuandika amri isiyo na picha hata moja, inasifiwa hivyo wakati yeye kaicheza jioni moja ikamchosha. Pili, kama inafaa kuwa mfano kwa anayetaka kuandika ya kwake kwa Kiswahili. Nimeicheza sana, na ya kwangu nimeiandika ikanitoa jasho, kwa hiyo mnivumilie, nitakwenda kirefu.

Kwanza mjue hii ilikuwa kazi ya mapenzi tu. Will Crowther alikuwa mwandishi wa programu Marekani, na siku za mapumziko alikuwa mtu wa mapango. Yeye na mkewe walishiriki kupima na kuchora ramani za mapango ya Mammoth Cave, Kentucky. Walipoachana, katikati ya miaka ya 1970, akaiandika gemu hii kwa FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, ili mabinti zake wawili wapate cha kucheza. Mwaka 1977 Don Woods wa chuo cha Stanford, baada ya kumwomba ruhusa, akaongeza mafumbo na hazina nyingi. Toleo lililoenea ni hilo, ambalo ukimaliza yote unapata alama 350.

Sasa uzuri wake. Pango lile ni la kweli, na hilo mkuu ulilipita haraka. Mwandishi anakwambia unatambaa juu ya kokoto kwenye njia ya chini, kisha unafika chumba kilichojaa takataka zilizosombwa na maji kutoka juu, matope yameziba upande mmoja. Mtu hawezi kuyatunga hayo akiwa amekaa mezani. Mimi nimekulia Tanga, na tulipopelekwa mapango ya Amboni tukiwa shule ya msingi kuna sehemu tulilazimika kuinama, mkono mmoja ukutani, tukifuata tochi ya aliyetutangulia. Miaka mingi baadaye nikaikuta Adventure kwenye kompyuta ya Linux maabara ya chuo, na ile mistari mitatu ya maneno ikanirudishia baridi ya ule ukuta kiganjani. Mwaka 2007 mtafiti mmoja alichapisha makala baada ya kwenda kulinganisha programu asilia na pango lenyewe, na vyumba vingi vilioana.

Uzuri wa pili ni baadhi ya mafumbo. Kuna ndege mdogo unayetakiwa umtie kwenye tundu. Ukiwa umeshika fimbo nyeusi, mojawapo ya vitu vya kuokota mle pangoni, anashtuka na hakamatiki. Ukiiweka chini, anatulia. Baadaye unamwachilia mbele ya nyoka mkubwa, na huyo ndege mdogo ndiye anayemtimua. Lile la nyoka napenda lilivyo. Lile la fimbo, hapana, kwa sababu gemu haikuonyeshi popote kwamba fimbo ndiyo inayomtisha. Mimi nilibahatisha. Nilikuwa nimebeba vitu vingi mno, nikaanza kutua kimoja kimoja, ndege akakamatika, na sikujua kwa nini.

Na hapo ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo: inakuadhibu kwa kosa ambalo hukupewa nafasi ya kuliona. Chukulia taa. Mwanzo kabisa gemu inakuuliza kama unataka maelekezo. Mimi, kijana mwenye haraka, nikajibu hapana. Kumbe anayejibu hapana taa yake inadumu hatua 330, na anayejibu ndiyo anapewa 1,000, ila anakatwa alama 5. Hakuna anayekwambia. Nimezunguka mle chini karibu saa mbili, hazina zangu mkononi, taa ikaanza kufifia, ikazima, nikatumbukia shimoni. Niliinuka kwenye kiti nikatoka nje, nilikasirika kweli.

Njia zake nazo zinachosha. Ukienda kaskazini kisha ukarudi kusini, mara nyingi hufiki ulikotoka. Kwenye pango halisi njia hupinda, sawa, lakini pangoni unauhisi mpindo kwa mwili wako. Kwenye maandishi unabaki umepotea. Ukija kwenye ule mtandao wa vijia vinavyofanana, dawa ni kudondosha kitu kimoja kila chumba na kuchora karatasini. Nilitumia chupa, chakula na funguo. Mleta uzi, nahisi ni hapa ulipochoka, na hukukosea kuchoka.

Kuhusu kuiga kwa Kiswahili, niwape lililonikuta. Niliandika gemu ndogo ya Amboni, vyumba 14, kwa lugha ya programu ya Python. Adventure husoma herufi tano za mwanzo tu za kila neno, nami nikaona ni njia rahisi, nikaichukua ilivyo. Binamu yangu akawa wa kwanza kuijaribu. Akafika kwenye mlango wa nondo, ana ufunguo, akaandika "ufungue". Programu ikamjibu: umeufunga mlango. Akarudia, jibu lile lile. "Ufunge" na "ufungue" zote ni "ufung" ukikata herufi tano! Vivyo hivyo "chunguza" na "chungulia", zote "chung". Kiingereza hubadilisha neno zaidi mwishoni, kwa hiyo kukata mkia hakuleti madhara makubwa. Kiswahili kinabeba mambo mbele na nyuma, na aliyezoea kusema "ichukue", "nipe", "iwashe" hataandika "chukua taa" kama roboti. Ilibidi nifute sehemu yote ile, niandike upya orodha ya vitenzi pamoja na viambishi vya ngeli: u- kwa mlango, i- kwa taa, ki- kwa kibuyu. Wiki tatu zilikwenda hapo.

Kwa hiyo mkuu, kwa Adventure chukua ule uaminifu wa mahali. Andika kuhusu nyumba, soko au pori unalolijua kwa miguu yako. Taa yenye saa ya siri usiiguse, na mtu akikosea mwonyeshe ni kitu gani kilimkwamisha.

Kisha tafuta watu watatu wakuchezee, ukae nyuma yao kimya na daftari. Usiwaelekeze. Andika kila amri wanayojaribu ambayo programu yako haikuielewa. Mama yangu mdogo alikaa dakika kumi mbele ya popo wangu wa chumba cha nne akiandika "hodi". Sikuwahi kulifikiria hilo neno. Sasa lipo, na popo wanaruka kumpisha.