Kazi za mtandaoni usiku: mwili hauzoei saa nne za usingizi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Mwanza, nina watoto wawili wa shule. Nafanya kazi nyumbani kwa kompyuta, nikijibu wateja wa kampuni iliyoko California. Naingia saa mbili usiku, natoka saa kumi alfajiri. Nikimaliza naperuzi simu kidogo, saa kumi na moja na nusu naandaa watoto, wakishaondoka nalala mpaka saa nne na nusu asubuhi. Siwezi kuzidisha, nyumba inanisubiri, na mama mkwe akinikuta kitandani mchana ananiona mvivu. Niliambiwa mwili ukizoeshwa saa nne za usingizi unatosheka. Nimejitahidi miezi sita, lakini sasa nakosea kazini, nasahau vitu na nawafokea watoto bila sababu. Ili usingizi uje haraka nameza piritoni mbili, na usiku nakunywa makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Je, kuna dawa nzuri zaidi, au bado sijapata muda wa kutosha wa kuzoea? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mama. Hata ukijipa miaka sita, hutazoea. Sitakuhubiria umuhimu wa usingizi, unaujua, ndiyo maana umeandika. Ninayetaka kumshughulikia ni huyo aliyekuambia mwili unazoeshwa, kwa sababu kila wiki ananiletea wagonjwa na mimi sijawahi kumtuma.

Unaozoea ni uchovu wenyewe, mtu anaacha kuuhisi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya watu waliowekwa maabara kwa wiki mbili. Wapo walioruhusiwa kulala saa nne kwa usiku, wapo wa saa sita, wapo wa saa nane. Kila siku walipimwa kumbukumbu na wepesi wa kuitikia. Wa saa nane walibaki vizuri. Wa saa nne na wa saa sita waliporomoka siku hadi siku, na hakuna mahali walipofika wakatulia. Wiki mbili zilipoisha, hata wale wa saa sita walikuwa wanakosea kama mtu aliyekesha usiku mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, baada ya zile siku chache za mwanzo walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu. Hapo ndipo mtu anatoka kifua mbele kutangaza kwamba saa nne zinamtosha. Mlevi naye hukuapia yuko sawa, mpe funguo za gari aendeshe.

Kijana mmoja wa kazi kama yako alinionyesha mawasiliano yake na mteja aliyetaka kurudishiwa pesa. Saa nane usiku alimjibu: ndiyo, utazipata ndani ya siku tano. Saa kumi kasorobo akamjibu mteja yuleyule: samahani, muda wa kurudishiwa umepita. Majibu yote mawili yana salamu nzuri na jina lake chini. Hilo la pili hakumbuki kuliandika. Alikuwa amekuja kwangu kuomba vitamini ya ubongo.

Sasa hizo piritoni. Ni dawa ya mzio, ya kuwashwa na mafua ya vumbi. Usingizi unaoupata ni athari ya pembeni, na athari hiyo hupungua ukimeza mfululizo; ndiyo maana walioanza na kidonge kimoja leo wako kwenye vitatu. Isitoshe, dawa hii inakaa. Kwa mtu mzima huchukua kama saa 20 kwa nusu yake kutoka damuni. Ukimeza viwili saa moja asubuhi, unapoketi kwenye kompyuta saa mbili usiku zaidi ya nusu bado imo, na kesho yake unaongeza viwili vingine juu ya masalia. Ukungu unaousikia kichwani unapoanza zamu, sehemu yake ni huo.

Halafu unaufukuza ukungu kwa kopo. Kafeini, kile kilichomo humo kinachokukesha, nayo huchukua kama saa tano kupungua nusu. Ukifungua kopo la pili saa tisa usiku, saa mbili asubuhi nusu yake bado inakuambia amka. Kwa hiyo piritoni unaimeza kupambana na kopo, na kopo unalinywa kupambana na piritoni. Wewe mwenyewe uko katikati, na pesa inatoka mfukoni mwako pande zote mbili.

Acha piritoni wiki hii. Kopo libaki moja, na liwe limeisha kabla ya saa tano usiku. Siku chache za mwanzo utaumwa kichwa, vumilia.

Zamu yako ina nafuu moja ambayo unaitupa kila siku. Unatoka saa kumi, giza bado totoro, na jua la Mwanza huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Mwanga ndio unaoiambia saa ya ndani ya ubongo kwamba kumekucha. Ukiwa umeshalala kabla haujatoka, usingizi unaendelea kwa urahisi. Ukiwahi kusimama uwanjani ukifunga watoto kamba za viatu huku jua linakupiga usoni, umeshaamshwa rasmi. Saa kumi na robo uwe kitandani. Hilo la kuperuzi simu kidogo ndilo linalokula saa nzima ya usingizi ulio bora kuliko wote utakaoupata siku hiyo. Lala mpaka saa tano na nusu asubuhi, pazia zito dirishani, simu chumba kingine.

Watoto je? Mtu mwingine awaandae. Baba yao yupo? Binti wa kazi? Mama mkwe mwenyewe? Ni saa moja tu ya kazi. Kama kweli hakuna mtu, basi gawa usingizi vipande viwili na uvishike kila siku bila kubadilisha: saa moja asubuhi mpaka saa sita na nusu mchana, kisha saa tisa mpaka saa kumi na nusu alasiri. Jumla isipungue saa saba. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwa mtu mzima, na hawakumtenga anayefanya kazi usiku. Kuhusu kuonekana mvivu, si fani yangu, ila mwenye mama ndiye wa kumweleza mama yake kwamba mkewe anafanya kazi usiku kucha. Usimwachie daktari, wala usibebe peke yako.

Kazini panga mambo kwa mwili ulivyo. Kuanzia kama saa tisa usiku joto la mwili linashuka karibu na kiwango chake cha chini kabisa na akili inakuwa nzito, hata kwa aliyelala vizuri. Malalamiko magumu, hesabu na chochote cha pesa vimalizwe kabla ya saa saba. Baada ya hapo fanya yale ambayo ukikosea unaweza kuyarekebisha. Dakika 20 za kulala wakati wa mapumziko zitakusaidia kuliko kopo. Na siku ya mapumziko usirudi kulala saa tatu usiku kama wengine, utakuwa unaanza upya kila Jumatatu. Lala saa saba au saa nane. Kumbuka pia kwamba Wamarekani wanasogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo zamu yako itahama kwa saa nzima na ratiba yote ihame nayo.

Umeniuliza dawa nzuri zaidi. Hapo sasa naomba wasomaji wengine nao wasikilize, kwa sababu vijana wengi wanaofanya kazi hizi wamo kwenye makundi ya simu ambako kila mtu ni mfamasia. Kuna anayeuza kozi ya kulala saa nne, na ukimchunguza analala mchana. Kuna wanaouza vidonge vya kuagiza vya melatonini, homoni ya usingizi, kama vile ni karanga. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini: moja ilikuwa na upungufu wa asilimia 83 ya kilichoandikwa kwenye kopo, na nyingine ilikuwa na ziada ya asilimia 478. Wewe unayepima nusu kidonge kwa kisu unapima nini?

Linaloniudhi zaidi ni diazepamu, ile mnayoiita valiamu, kupatikana dirishani bila cheti cha daktari. Hiyo haipangi usingizi wa mtu wa zamu. Inakulaza, na mabaki yake hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Ukichanganya na pombe, au na dawa kali za maumivu kama tramadoli, inaweza kusimamisha pumzi. Mama anayenyonyesha inapita kwenye maziwa. Ndani ya wiki chache mwili unaitegemea, na muuzaji wa dirishani hatakuwepo wakati huo.

Ambaye ameshaitumia kila siku kwa wiki kadhaa asiiache ghafla baada ya kusoma hapa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Nenda hospitali na pakiti yako, sema ukweli umemeza ngapi na kwa muda gani, upunguziwe kidogo kidogo. Na wewe mama wa Mwanza, kama baada ya wiki nne za ratiba hii bado unasinzia, au mumeo anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika, njoo upimwe. Hilo ni tatizo jingine na lina matibabu yake.