Baiti mbili zinazopotea kwenye jibu la DNS

SWALI: Programu yangu ya C inasoma majibu ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) kwa dn_expand, kitendaji kinachofungua majina yaliyobanwa ndani ya ujumbe. Jina la swali linatoka sawa, lakini rekodi ya kwanza ya jibu ni vurugu tupu. Nimekosea wapi?

JIBU: Yaelekea unasonga mbele kwa urefu wa jina lililofunguliwa. www.mfano.co.tz lina herufi 15 pamoja na nukta, ila ndani ya ujumbe linachukua baiti 17. Songa kwa namba inayorudishwa na dn_expand, kisha ruka baiti 4 za aina na daraja la swali (type na class). Ikirudisha -1, tupa ujumbe huo.

Jina la jibu mara nyingi ni baiti 2 tu, C0 0C, kielekezi kinachosema: “soma kuanzia baiti ya 12” (ukihesabu kutoka 0), yaani pale kichwa cha ujumbe kinapoishia. Ukiandika kifungua majina chako mwenyewe (hatushauri), kataa kielekezi kisichorudi nyuma. La sivyo, ujumbe wa hila utakuzungusha bila kikomo.