Ukimpeleka mama St Albans, anzia makumbusho

Dada mmoja ameniandikia kutoka Reading. Mama yake amekuja Uingereza kwa miezi miwili na amechoka kukaa ndani. Ampeleke wapi kwa siku moja? Nimemjibu: St Albans, mji ulio kaskazini mwa London. Lakini jibu hilo nililipata baada ya kuumia.

Mwaka juzi mama yangu alipokuja kutoka Bagamoyo nilimlipia ziara ya basi kwenda mji mwingine wenye magofu ya Kirumi. Tulipewa dakika 40. Mama anatembea kwa mkongojo, na tulipofika langoni tu, kiongozi alikuwa anawahesabu watu warudi garini. Mama hakulalamika. Alisema, "Ahsante mwanangu, ukuta nimeuona." Maneno hayo bado yananichoma.

Mwezi uliopita karudi, safari hii nikapanga mwenyewe. Kutoka kituo cha St Pancras, London, treni ya haraka huchukua kama dakika 20. Kituo kiko juu, magofu yako bondeni karibu na mto Ver, kwa hiyo tulichukua teksi moja kwa moja hadi makumbusho ya Verulamium, kama ulivyoitwa mji ule wa Warumi. Anzeni hapo, nasisitiza. Ukianza na mawe matupu, mzee ataona mawe matupu.

Mle ndani kuna sakafu ya vijiwe vya rangi iliyochorwa kombe kubwa la baharini. Mama, mtoto wa pwani, alisimama hapo hadi nikamtafutia kiti. Kisha tukaingia bustanini, kwenye sakafu nyingine iliyoachwa palepale ilipochimbuliwa na kujengewa paa. Kuingia ni bure. Chini yake Warumi walipitisha hewa ya moto kutoka kwenye tanuri. Mama, aliyekuwa amevaa masweta mawili, akasema, "Kumbe hata wao baridi hii iliwashinda!" Kuanzia hapo maswali hayakuisha. Nikamsimulia jinsi Boudica, malkia wa Iceni, kabila la Uingereza ya kale, alivyouchoma mji mwaka 60 au 61, ukajengwa upya, hata ukapata ukumbi wa maonyesho karibu mwaka 140. Ukumbi huo uko ng'ambo ya barabara, na mama aliketi akautazama bila mtu kumhesabia dakika.

Kanisa kuu ndilo lililomgusa zaidi. Lilianza kujengwa mwaka 1077 kwa matofali yaliyookotwa kwenye magofu ya Warumi. Aliweka kiganja ukutani, akanyamaza, kisha akaanza kunieleza mawe ya Kaole, magofu ya kale karibu na Bagamoyo, alivyoyajua utotoni. Sijawahi kumsikia akisimulia hayo.

Ndugu zangu, tunapiga zamu za usiku, tunatuma pesa nyumbani, halafu mama akija tunamkabidhi kwa basi la watu. Chukua likizo ya siku moja. Mahali pamoja panatosha. Usimharakishe. Narudia, usimharakishe! Mzazi akipewa nafasi ya kukaa, atakuambia mambo usiyowahi kumuuliza.

Dada wa Reading, beba chupa ya chai na maandazi, mle kwenye benchi karibu na ziwa. Kutoka bondeni kupanda hadi kanisani, pumzikeni mara mbili au tatu njiani. Na ukiweza nendeni Jumamosi au Jumatano, siku za soko pale St Peter's Street. Mama yangu alinunua vitambaa, akabishana bei kwa Kiswahili na Kiingereza chake kidogo, akapunguziwa.