Fundi mpya wa chenso, weka bisibisi chini kwanza

Vijana wengi wanaoanza ufundi wa chenso, ile misumeno ya injini ya kukatia miti, hapa Mafinga wana tabia moja: mashine ikifika mezani, bisibisi iko tayari kwenye kabureta. Mteja kasema haina nguvu, basi skrubu zinazungushwa mpaka mlio upande, mteja anaondoka kafurahi. Siku chache baadaye pistoni imekwaruzika. Naandika kwa uchungu, maana kwenye vijiji vinavyozunguka msitu wa Sao Hill chenso moja inalisha nyumba kadhaa: mkataji, msaidizi wake, wabeba mbao. Ikiungua, wote wanakaa.

Anzeni na cheni. Muulize mteja, inatoa maranda au unga? Cheni kali inatoa maranda. Butu inatoa unga, mkataji anaikandamiza kwenye gogo, injini inachemka, halafu anakuja kukuambia imeishiwa nguvu wakati injini ni nzima kabisa.

Kunoa si kazi ya kumwachia mtoto wa dukani. Cheni ya 3/8 (hizo ni inchi, kipimo cha nafasi ya viungo vyake) inataka tupa ya mviringo ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea aliyeitengeneza, ya .325 inataka 4.8. Kwa kukatisha magogo, pembe ya cheni nyingi ni digrii 30. Wanaopasua mbao kwa urefu, na huku ndio wengi, hufanya vizuri zaidi na pembe ndogo ya digrii 10 hivi. Tupa inasukumwa mbele tu, ikirudi iinuliwe isiguse jino. Na hesabuni misukumo, kwa sababu meno ya kushoto yakiwa marefu kuliko ya kulia, mkato unapinda na mbao inaharibika. Meno haya ya kupokezana kushoto na kulia yana asili ya kupendeza: mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Cox, alimtazama buu akitafuna gogo upande huu na upande ule, akatengeneza cheni kwa mfano wake.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachopima jino liingie kiasi gani kwenye mti. Kwa 3/8 kinatakiwa kuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Wengine hukipiga tupa bapa bila kipimo ili mashine "ile haraka". Msifanye hivyo. Chenso inaanza kuruka mkononi, na ikiruka inarudi kumtafuta aliyeishika.

Kisha tazama baa, yaani kile chuma kirefu kinachobeba cheni. Igeuzwe juu chini kila cheni inaponolewa, ili isilike upande mmoja, na mfereji wake usafishwe. Hapa nakuja kwenye oili chafu ya magari, ambayo karibu kila mkataji anaitumia kulainisha cheni kwa kuwa ni rahisi. Ina chembe za chuma zinazosaga pampu na baa, na inamrukia mtu mwilini siku nzima ilhali ina sumu zinazoweza kuleta saratani. Mwambieni mteja hivyo waziwazi, hata kama atanuna.

Baada ya hapo, hewa. Kiangazi cha huku, Juni mpaka Oktoba, vumbi halina huruma. Chujio la hewa lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa ndipo lirudi. Kama mashine inawaka vizuri kisha inazimika baada ya dakika kadhaa, legeza kifuniko cha tangi. Ikipona, tundu la kupumulia la tangi limeziba, kabureta haina kosa. Resi ikiwa inachelewa kushuka ukiachia, shuku sili za krenki au mpira wa kabureta, maana kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.

Mafuta nayo yapimwe. Kwa oili nzuri ya 2T, yaani ile ya kuchanganya na petroli, iliyoandikwa 50:1, ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Kupima kwa kifuniko cha chupa au kwa kuangalia rangi ndiko kunakoua mashine nyingi.

Mashine ikiwa imegoma, fungua ekzosi uichungulie pistoni kabla hujamwagiza mteja spea. Mikwaruzo upande wa ekzosi mara nyingi inatokana na oili kidogo au kabureta iliyobanwa mno. Upande wa kuingiza mafuta ukiwa umelika, umefifia, chujio lilipitisha vumbi. Ukifunga pistoni mpya bila kujua sababu, umemuuzia mteja hasara ya pili. Na ukifungua klachi, kumbuka uzi wake ni wa kinyume: inafunguka kwa kuizungusha kulia.

Sasa ndipo shika bisibisi. Skrubu ya H kwenye kabureta, inayopanga petroli ya mwendo wa kasi, ukiizungusha kulia inapunguza petroli, na petroli ikipungua, oili pia imepungua. Mlio unakuwa mwembamba na mtamu, ndio maana unawadanganya wengi. Iliyopangwa vizuri, ikivutwa resi yote bila mti inatoa mlio mzito wenye kukwaruza kidogo, na mlio huo unasafika ikiingia kwenye gogo. Mashine mpya zenye kabureta inayojirekebisha yenyewe hazina skrubu hizo, msizitafute. Kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kuvutwa resi, cheni isizunguke.

Kabla ya kuikabidhi, vuta resi kidogo huku ncha ya baa ikielekea kwenye kipande cha boksi safi, bila kukigusa. Mstari wa oili ukionekana, pampu inafanya kazi. Kisha vuta resi tena na usukume breki ya cheni mbele: isimame papo hapo. Isiposimama, mashine ibaki mezani kwako.