Kuhusu hilo neno "mpweke"

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama wenzako kazini wanakutukana wakikuita mpweke, ilhali wewe unapenda tu kula peke yako mchana. Neno lenyewe si baya, ila lina mizigo miwili: humtaja asiye na mtu, na humtaja pia asiyetafuta mtu. Wakisema "amejitenga" ndiyo mbaya zaidi, maana hapo umeshashtakiwa. Nawe ukijitetea kwamba unapenda faragha, watadhani unaficha mchumba. Huyo Carl Jung wako, yule mwanasaikolojia, na kitabu chake cha 1921 aliwagawa watu, wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje. Sawa, lakini nani atamwita mwenzake hivyo mezani?

Mimi nakumbuka harusi ya dada yako. Ulikuwa bado mdogo, ukajifungia stoo na vitabu vyako, na shangazi yako akasema mbele ya wageni, "Mtoto huyu mkiwa." Mkiwa! Nikamjibu papo hapo: mkiwa ni aliyeondokewa na watu wake, na mimi mama yake nimesimama hapa nimeshika sinia. Wageni wakacheka, baba yako naye akacheka. Mpaka leo hajaniambia alikuwa akimcheka nani, mimi au dada yake. Wewe ukachungulia mlangoni, ukauliza kama chakula kiko tayari.

Nimekwambia tangu zamani, aliyetulia peke yake hajamkimbia mtu. Ingawa mwaka ule ulipohama na simu zako zikaadimika, nilikesha nikijiuliza kama ni utulivu wako ule ule au kuna jambo. Ninyi mnaopenda kukaa peke yenu mna shida hiyo: siku mnayoumia inafanana na siku zenu zote. Basi huenda wenzako wanakujulia hali tu, wamekosa namna ya kusema. Huenda. Shangazi yako hakuwa akinijulia hali. Na bado nasema, aliyetulia peke yake hajamkimbia mtu.

Jina hilo ulipokee au ulikatae, nakuachia mwenyewe, japo ulimi unaniwasha. Dada yako amenikanya nisikuamulie, naye unamjua akishakanya.

Nipigie jioni ukipata nafasi. Baba yako ana swali kuhusu ile redio, na hataki nikuulize mimi.

Mama yako